Umri wa Vimondo na wa Dunia

Katika mwaka 1956 mtaalamu wa Marekani, Clair Patterson, alitoa makala fupi juu ya umri wa vimondo, yaani mawe yaangukayo kutoka mbinguni, na umri wa dunia. Jibu lake ni miaka milioni 4,550, ikizidi au ikipungua milioni 70. Hesabu hiyo hunakiliwa vitabuni. Makala yenyewe ni wachache waisomao. Basi yafaa tuipime.

Njia yake ni hii. Madini mazito yaitwayo urani hugeuka polepole yakawa risasi, nayo ni ya namna mbili: yenye uzito 238, ambayo nusu yake hugeuka kwa miaka milioni 4,468, na yenye uzito 235, kwa miaka milioni 704. Kila moja huacha risasi ya namna yake. Hivyo jiwe moja lina saa mbili ndani yake, wala mwendo wao si mmoja. Moja ikidanganya, ya pili huisuta. Patterson alitumia vimondo vitatu vya mawe na viwili vya chuma. Kile cha Canyon Diablo, huko Arizona, kina madini ya chuma na kiberiti yasiyo na urani ila kidogo mno. Kwa hiyo risasi yake ni ile ya mwanzo. Vipimo vilipoandikwa katika mchoro, vilikaa katika mstari mmoja ulionyoka, na mwinamo wa mstari ule ndio umri.

Hapo hoja ni imara. Udhaifu uko katika neno dogo "na" linalounga vimondo na dunia. Kwa vimondo aleta mashahidi watano. Kwa dunia ategemea hasa risasi ya matope ya Bahari ya Pasifiki, iliyoangukia karibu na mstari ule. Lakini kufanana si kuzaliwa siku moja. Tangu hapo chembe nyeupe za vimondo vingine zimepimwa, zikaonekana kuwa na miaka milioni 4,567. Nayo dunia ilikusanyika baadaye, kwa makumi ya mamilioni ya miaka.

Je, makala imeanguka? Hasha. Tofauti hiyo kwa sehemu kubwa yaingia katika zile milioni 70 alizoziweka mwenyewe. Kosa ni la wale wanaonakili 4,550 na kuiacha 70. Mpimaji mwaminifu hutaja kipimo pamoja na upungufu wa kipimo. Nasi walimu tukifundisha namba ya kwanza bila ya pili, twamsemesha asiyoyasema.