Orodha Isiyo na Saa

Kuna wimbo wa Kiingereza ambao karibu wote ni majina ya vituo vya treni. Unaitwa "Slow Train", yaani treni ya polepole. Waliutunga Michael Flanders na Donald Swann mwaka 1963, Flanders akiimba kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu, Swann akipiga piano. Tarehe 27 Machi mwaka huo, Richard Beeching, mwenyekiti wa bodi ya reli za Uingereza, alikuwa ametoa ripoti iliyopendekeza vituo 2,363 vifungwe. Vingi kati ya vituo vilivyotajwa katika wimbo vilikuwa bado vinapokea abiria ulipoimbwa mara ya kwanza. Ni matanga yaliyotangulia mazishi, na kama tutakavyoona, baadhi ya marehemu hawakufa.

Wimbo huu unapendwa mno na watu wanaotaka reli zilizokufa zifufuliwe. Mimi pia naupenda. Lakini nimeusikiliza mara nyingi nikitafuta jambo moja, nikalikosa: saa. Hakuna treni ya saa kumi na mbili na robo asubuhi, wala ya jioni, wala inayochelewa. Kuna majina, na kuna ukanushaji. Hiki hakipo, kile hakipo, sitakwenda tena. Muundo wote umesimama juu ya nguzo hizo mbili, na ndipo ilipo nguvu yake.

Tuanze na majina. Vituo vya Uingereza vya wakati ule vilikuwa na majina marefu yenye viungo: Chorlton-cum-Hardy, Mow Cop and Scholar Green, Millers Dale for Tideswell. Hilo la mwisho ni tangazo zima ndani ya jina: shuka hapa, wewe unayekwenda Tideswell. Flanders hakuhitaji kuongeza sifa yoyote. Aliyapanga majina kwa mlio wake, konsonanti ikiitana na konsonanti, hadi jiografia ikapotea. Ukiwa na ramani mkononi utagundua kwamba treni ya wimbo huu haiwezekani: inaruka kutoka kaunti moja hadi nyingine bila reli ya kuziunganisha. Inasafiri kwa vina.

Lakini si kwa vina peke yake. Kuna mahali mshono unaonekana, na hapo ndipo msikilizaji makini anapata zawadi yake. Flanders anataja Formby na Four Crosses kwa pumzi moja, kana kwamba ni kituo kimoja chenye jina la maneno matatu. Anafanya hivyohivyo kwa Armley Moor na Arram. Formby iko pwani, kaskazini mwa Liverpool. Four Crosses iko Wales. Armley Moor ilikuwa ndani ya Leeds. Arram ni kijiji cha mashariki mwa Yorkshire. Kilichoviunganisha ni alfabeti tu. Katika orodha ya herufi, Four Crosses hufuata Formby, na Arram hufuata Armley Moor. Mshairi alikuwa anasoma orodha ya vifo, na orodha hiyo ikaacha alama ya kucha zake ndani ya shairi.

Sasa angalia kilichotokea baadaye. Four Crosses ilifungwa. Formby ipo hadi leo. Armley Moor ilifungwa, Arram ipo. Katika kila jozi kuna maiti mmoja na mzima mmoja, na sauti ya mwimbaji inawalilia sawasawa. Sidhani kwamba hilo ni kosa la Flanders, maana hakuwa mtabiri. Ni tabia ya umbo lenyewe. Orodha inayopangwa kwa herufi au kwa mlio haina namna ya kuuliza kwa nini Formby iokoke. Jibu halimo katika jina. Formby iko kwenye reli ya Liverpool hadi Southport, iliyowekewa umeme tangu mwaka 1904, inayobeba watu kwenda kazini na kurudi. Ripoti ya Beeching ilitaka hata reli hiyo ikatwe. Leo mchana wa siku ya kazi treni hupita hapo kila baada ya dakika 15.

Nguzo ya pili ni ukanushaji. Flanders anahesabu vitu ambavyo havitakuwapo: madebe ya maziwa, mpagazi, paka juu ya kiti, mawe yaliyopakwa chokaa kando ya jukwaa. Vitu vidogo, vya kuonekana kwa jicho, na vyote vimetulia. Anacheza pia na neno moja la Kiingereza linalotaja kwa pamoja taruma la reli na mtu aliyelala, mchezo ambao kwa Kiswahili unakufa hapohapo kwa sababu taruma letu halijui usingizi. Nafsi ya kwanza ipo, ndiyo. Kuna mtu anayesema hataenda tena. Ila hatuambiwi alikuwa anakwenda kufanya nini. Kibarua? Shule? Hospitali? Hana begi, hana tiketi ya mwezi, hana bosi anayemsubiri. Katika uhakiki wa riwaya tungesema mhusika mkuu hajajengwa. Hapa nasema zaidi: wimbo usingemudu kumjenga. Ukimpa saa ya kuingia kazini, treni ya polepole inageuka kero.

Cha ajabu ni kwamba ripoti yenyewe, adui wa wimbo, ina upungufu wa jamii hiyohiyo. Nayo inafanya kazi kwa orodha na ramani. Takwimu zake za abiria zilitoka katika juma moja la Aprili 1961, na ramani mojawapo inavipanga vituo kwa mapato yake, kila kituo na doa lake. Lakini tiketi hukatwa mahali pamoja na kutumika mahali pawili. Mtu anayekata tiketi mjini ili ashuke kijijini huuhesabia mji fedha yake, na kijiji huonekana hakina mtu. Beeching alitazama kituo akaona hesabu isiyolipa. Flanders alitazama kituo akaona paka. Wote wawili walitazama kituo. Safari, ambayo ina ncha mbili na saa mbili, haikukaa vizuri katika orodha ya yeyote kati yao.

Kwa hiyo niliamua kuusoma wimbo kwa njia isiyo ya heshima sana: nikachukua majina yake na kufuatilia kila moja limeishia wapi. Si yote yana habari. Mengine ni nyasi, mengine ni nyumba za watu. Reli ya kwenda St Ives, kule Cornwall, haikufungwa kabisa. Chester-le-Street bado hupokea treni. Millers Dale sasa ni njia ya waendao kwa miguu na baiskeli, na mahandaki yake yalifunguliwa kwa ajili yao mwaka 2011. Wapo wanaotaka treni irudi humo, na wapo waendesha baiskeli ambao hawataki kusikia.

Majina ya viungani mwa miji ndiyo yaliyonishika. Longstanton, karibu na Cambridge, iko kwenye njia maalumu ya mabasi iliyojengwa juu ya tuta la reli na kufunguliwa Agosti 2011. Dunstable Town: vilevile, mabasi, mwaka 2013, hadi Luton. Msomaji wa Dar es Salaam atakuwa ameshatangulia kutabasamu, kwa maana sisi mabasi ya aina hiyo tunayaita mwendokasi. Treni ya polepole imekufa ikazaliwa upya mwendokasi. Flanders, mtu wa kucheza na maneno, angelipa kusikia hilo.

Chorlton-cum-Hardy ni kisa kizuri zaidi. Ni kiunga cha kusini mwa Manchester. Kituo kilifungwa Januari 1967, na stesheni kuu ambako treni zake zilikuwa zikiishia ikageuzwa ukumbi wa maonyesho. Lakini hakuna aliyejenga juu ya njia yenyewe. Ukanda ule mrefu ulibaki mtupu ukipita nyuma ya nyumba. Julai 2011 ulirudi na reli mpya, safari hii ya tramu za Metrolink. Na kibao cha kituo kinasema nini? Chorlton. Basi. Ile "cum-Hardy", kiungo cha Kilatini kilichofanya jina liimbike, kimekatwa. Mhakiki wa fani analazimika kukiri kwamba ufufuo umeharibu mstari. Mkazi anayefika kazini kwa tramu ambayo hahitaji kukariri saa zake, kwa sababu nyingine iko nyuma yake, hana malalamiko. Hapa ndipo ninapotofautiana na wapenzi wengi wa wimbo huu. Wao wanadhani kinachotakiwa kurudi ni kituo. Kilichorudi Chorlton ni ratiba, na kituo kikaja kama mfuko wa kuibebea.

Hata hapa kwetu tumeuona urejeo wa namna hiyo. Oktoba 2012 treni ya abiria ilipoanza kwenda Ubungo Maziwa, jijini Dar es Salaam, juu ya reli iliyokuwapo zamani, ilikwenda asubuhi na jioni tu. Watu waliiita treni ya Mwakyembe, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule. Hakuna aliyeitungia maombolezo ya majukwaa. Foleni ya barabarani ilikuwa imeshatunga utenzi wake. Asubuhi na jioni: sarufi nzima ya mfanyakazi iko katika maneno hayo mawili.

Serikali ya Uingereza ilijaribu kuandika ubeti wa mwisho wa wimbo. Januari 2020 ilianzisha mfuko wa pauni milioni 500 ukaitwa "Restoring Your Railway". Jina hilo linastahili kusomwa polepole. Linasema kurudisha reli yako. Kitenzi hakina wakati, hakisemi lini. Mtendaji hayumo. Na "yako" ni ya nani? Ni lugha ya wimbo, iliyovaa suti: inampa kila mji uliopoteza kituo haki ya kuona jina lake katika orodha mpya. Miji ikaleta maombi kwa wingi. Julai 2024 waziri wa fedha Rachel Reeves akaufuta mpango huo, na orodha ya pili ikawa na maiti wake kama ya kwanza.

Kilichookoka kina somo la fani ndani yake. Reli ya Newcastle hadi Ashington ilipoteza abiria Novemba 1964, ila makaa ya mawe yaliendelea kupita, kwa hiyo reli haikung'olewa. Tarehe 15 Desemba 2024 abiria walirudi, kwa gharama inayokaribia pauni milioni 300. Vituo havikufunguliwa vyote kwa pamoja. Vilianza viwili vipya, vingine vikafuata kimoja kimoja. Safari nzima ni kama dakika 35. Ashington haimo katika "Slow Train". Ni mji wa wachimba makaa, na jina lake halina kiungo wala uzuri wa kuchekesha. Lakini una watu wanaohitaji kufika Newcastle.

Kirby Muxloe imo. Jina tamu kuliko yote katika wimbo, kwa sikio langu, na herufi ile x katikati kama mfupa. Ni kijiji kilichogeuka kiunga cha Leicester, na kituo chake kilifungwa Septemba 1964. Ukisoma hali yake kwa karatasi utasema ni ndugu wa Ashington: reli ipo, mzigo unapita, mji mkubwa uko karibu. Ila reli inapofika Leicester, makutano yake yanaelekea kusini, yakiipa kisogo stesheni. Kipande kilichopinda kwenda kaskazini kiling'olewa zamani. Treni ya abiria ingelazimika kuingia, kusimama na kurudi kinyumenyume. Wimbo hauna nafasi ya kusema jambo kama hilo, wala kaulimbiu ya serikali. Hata mpango wa reli hii uliofutwa mwaka 2024, katika awamu yake ya kwanza, ungetoka Burton ukaishia Coalville, upande wa pili kabisa, bila kufika hapo.

Treni za kokoto kutoka machimbo ya Bardon Hill bado hupita Kirby Muxloe. Zina saa zake.