Hadi Leo Kinatoa Maji?

Mzee wa mashine ya chapa aliyekuwa akikaa barazani, hatua chache kutoka Posta Mpya jijini Dar es Salaam, hakuwa na haraka na mtu. Mashine yake ilikuwa Olympia ya kijivu, herufi e imejaa wino, kila ikipigwa kinatoka kidoa cheusi. Watu walimfuata kwa viapo, mikataba ya vyumba na barua za kuomba kazi. Mimi nilimfuata mwaka 1999 nikitaka wasifu. Nilikuwa nimetafsiri kazi za huyu na yule kwa miaka kadhaa, bila ajira, na nilisikia mahali panatafutwa mtafsiri wa mkataba. Nilimkuta na mteja, nikakaa kwenye benchi kungoja zamu yangu.

Mteja alikuwa fundi wa pampu za visima virefu, mtu wa makamo, grisi imemganda kwenye mikunjo ya vidole. Hakuwahi kuwa na bosi. Leo Chalinze, kesho Kigamboni, mwezi ujao Singida. Alikuja na karatasi ya daftari aliyoiandika mwenyewe, na mstari wake wa kwanza ulisema ana uzoefu mkubwa wa visima.

Mzee akaisoma, akavua miwani.

“Uzoefu mkubwa hata mbuzi anao, wa kula majani. Hebu nitajie kisima kimoja.”

“Viko vingi, mzee.”

“Kimoja, mwanangu.”

Fundi akajikuna shingo, kisha akaanza. Kulikuwa na kisima cha zahanati huko Singida. Bomba lilikatika, pampu ikaanguka na kukwama mita themanini chini. Mafundi wawili waliomtangulia walishindwa, wakashauri kichimbwe kingine. Yeye alikwenda kwa mchomeleaji, akaunda ndoano ya nondo yenye meno matatu, akakaa juu ya kile kisima siku nne akivua kama mtu wa pwani. Siku ya tano, alfajiri, ikanasa.

Muda wote huo mzee hakugusa mashine. Aliuliza tu. Kisima kilikuwa cha inchi ngapi? Mlikuwa wangapi? Kamba aliishika nani? Wazo la meno matatu lilikuwa la nani, lako au la mchomeleaji? Hapo fundi alisita kidogo, akakiri kwamba jino la tatu lilikuwa la mchomeleaji. Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika, kama hakimu aliyekuwa anangoja neno hilo hilo. Kisha akauliza swali ambalo sijalisikia tena kwa mtu yeyote anayeandika wasifu:

“Na hadi leo kinatoa maji?”

“Mwaka juzi nilipita njia ile, nikaomba maji ya kunywa makusudi. Kinatoa.”

Ndipo mzee akavaa miwani na kuanza kugonga. Ilitoka mistari minne. Mahali na mwaka, kina cha kisima, waliomtangulia walishindwa, pampu ilitolewa kwa siku tano, zahanati haikuchimba upya, mwaka juzi maji yalikuwepo. Neno uzoefu halikuwemo.

Fundi alikuwa na hofu moja, na ndiyo hofu ya kila anayeishi kwa kazi za mkataba: “Wataona sehemu nyingi hivi, watasema huyu hakai.” Mzee alizifungia zote chini ya paa moja, fundi wa kujitegemea tangu 1981 hadi sasa, kisha katika kazi zaidi ya arobaini akachagua sita. Kazi iliyokuwa ikiombwa ilikuwa ya mikoa ya kati, kwenye ukame na visima vya kina kirefu. Basi visima vifupi vya pwani, vile vya kupigana na maji ya chumvi, akavipa mstari mmoja kwa jumla. Fundi aliumia. Kimojawapo alikuwa anakipenda. “Kipende nyumbani,” mzee alimwambia.

Kazi ya tano ilikuwa haikumalizika, mwenye kisima aliishiwa fedha. Fundi alitaka ifutwe. Mzee aliiacha, akaandika kwamba ilisimama kwa sababu hiyo, na kwamba mabomba yaliyokwisha kushushwa yaliachwa yamefungwa salama. Alichofuta ni dini, kabila na idadi ya watoto, mambo tuliyozoea kuyajaza siku zile kama vile tunaposa. “Mwenye kisima hanywi kabila lako.”

Nimewahi kufikiri kwamba wasifu ni neno zito kuliko karatasi tunayoiita hivyo. Shaaban Robert alilitumia kwa Siti binti Saad, mwanamke aliyeanza kwa kuuza vyungu na mwaka 1928 akavuka bahari kwenda Bombay kurekodi nyimbo. Wasifu wake ulikuwa maisha mazima. Sisi tumebakiza sifa, tena za kujisifu.

Wazungu hupenda kusema kwamba wasifu wa kwanza wa kuombea kazi ni barua ya Leonardo da Vinci kwa Ludovico Sforza, mtawala wa Milano, yapata 1482. Nadhani mzee wa Posta Mpya angeirudisha. Imejaa mambo ambayo Leonardo anasema anaweza kuyafanya: madaraja mepesi ya kubebeka, mizinga, magari ya vita yaliyofunikwa. Daraja lipi, mwanangu, na watu wamelivuka? Uchoraji aliutaja karibu na mwisho, na ile picha ya Mamajusi aliyoiacha Firenze bila kuimaliza hakuigusia. Ila alijua mtawala yule anataka nini, na hilo ni nusu ya ufundi. Tena nakala iliyobaki haidhaniwi kuwa ya mkono wake, kwa hiyo huenda naye alikuwa na mzee wake barazani.

Siku hizi wasifu hupikwa kwenye simu ndani ya daladala. Unachagua kiolezo, safu ya bluu kushoto, picha ndani ya duara, na ujuzi unapimwa kwa nyota. Nimeona mtu amejipa nyota nne kati ya tano za Kiswahili, lugha aliyozaliwa nayo, nikabaki nikijiuliza ile ya tano ameikosea wapi. Wote ni wachapakazi, wote wanafanya kazi chini ya shinikizo. Niliwahi kukaa kwenye kamati ya kuchagua mtaalamu wa muda mfupi, mbele yetu wasifu kumi na mmoja, na nilipoufunga wa mwisho sikuweza kukumbuka hata kazi moja ambayo mtu aliifanya kwa mkono wake. Wote walikuwa wameshiriki. Kushiriki ni neno la kujifichia, maana hata aliyebeba maji ya chai alishiriki.

Na karatasi isiyo na mwenyewe huibika kwa urahisi. Kampuni moja iliniomba wasifu, ikashinda zabuni ya kutafsiri kwa jina langu, kisha kazi ikapewa kijana wa bei nafuu. Fomu ya TECH-6 ya zabuni za Benki ya Dunia humtaka mtaalamu athibitishe mwenyewe mwishoni kwamba maelezo ni yake na ni ya kweli. Zamani niliiona kama usumbufu. Sasa nadhani aliyeitunga alikwisha kuibiwa.

Mzee hayupo tena pale barazani, sijui tangu lini, maana sikuwa nikipita. Wiki iliyopita niliombwa wasifu, nikafungua ule wangu, ambao umenenepa hadi kurasa saba, nikaanza kuupunguza kwa njia yake. Nilifika kwenye kazi ya 2011: mwongozo wa wauguzi wa zahanati za vijijini, kurasa 140, miezi mitatu, peke yangu. Mahali na mwaka vipo. Nani aliutumia? Bado uko mezani kwa mtu, au panya wameumaliza stoo? Nikaitafuta namba ya aliyenipa kazi ile, kwenye daftari la zamani, nikapiga.

Namba unayopiga haipatikani kwa sasa.