Ramani ya Kwihara na Istilahi za Kompyuta

Mwaka 2006 Tanzania iliiweka katika orodha yake ya awali ya urithi wa dunia njia kuu ya kati ya biashara ya watumwa na pembe. Mojawapo ya vituo vilivyotajwa ni Kwihara, karibu na Tabora, lilipo tembe alimokaa Livingstone kuanzia Februari hadi Agosti 1872. Atakaye kuichora njia hiyo leo, toka Bagamoyo hadi Ujiji, aghalabu hatashika kalamu na rula. Atafungua programu ya kompyuta kama QGIS, iliyoanzishwa na Gary Sherman mwaka 2002 na hutolewa bila malipo. Mashine haina ugomvi naye. Ugomvi umo katika Kiswahili anachopewa kuielezea.

Tuanze na neno lenye madhara makubwa kuliko yote. Kazi ya kuutandaza uso wa dunia, ulio mviringo, juu ya karatasi bapa, Waingereza huiita "projection". Neno hilo hilo hulitumia kwa hesabu za bajeti za miaka ijayo, na wafasiri wengi, wakilifuata kamusi kwa upande huo, huandika "makadirio". Sasa ichukuliwe ramani ya mpaka wa vijiji viwili, iliyochorwa kwa ajili ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na chini yake pameandikwa "Makadirio: Kanda ya 36". Mzee wa baraza atasomaje? Atasema, na kwa haki, kwamba wapimaji wenyewe wamekiri kuwa mpaka umekisiwa. Hapo mfasiri amewapa wadai hoja ambayo mpimaji hakuikusudia hata kidogo.

Wala jambo hili si la kuachiwa wataalamu peke yao. Njia ya misafara hukata kanda tatu za upimaji: Bagamoyo imo katika ya 37, Kwihara katika ya 36, Ujiji katika ya 35. Mchoraji asiyeelewa neno hawezi kuchagua kanda. Mimi napendekeza "mtandazo", kutokana na kutandaza, kama mtu atandazavyo mkeka. Najua litapingwa kwa kukaribiana na "mtandao", na pingamizi hilo lina uzito. Lakini maneno mawili ya shina moja yasiyo na maana moja tunayo mengi, na hakuna aliyepotea njia kwa sababu ya "mchezo" na "mchezaji".

Neno jingine ni "datum". Kwa kuwa Kilatini chake ni umoja wa "data", wapo wanaoandika "data" na kuendelea na safari. Kumbe maana yake ni msingi ambao vipimo vyote vya mahali huanzia. Karatasi za zamani za ramani zetu za kipimo cha 1:50,000 zilijengwa juu ya msingi uitwao Arc 1960, na simu ya mkononi hutumia msingi mwingine, WGS 84. Anayechanganya misingi hiyo huliona tembe limehama karibu mita 300. "Msingi wa majira" lingetosha, maana "majira ya nukta" mwanafunzi wa shule ya msingi huyasoma katika hisabati. Ajabu ni kwamba wafasiri huyaacha majira hayo na kuandika "kuratibu", kitenzi cha katibu wa mkutano.

Kuhusu "safu" na "tabaka" sitasema mengi. Safu tayari ni ya jedwali. Na kwa kuwa kila tabaka la ramani lina jedwali lake, kuyaita yote safu ni kumzungusha msomaji. Tabaka libaki, hata kama wengine hulisikia kwa siasa tu.

Nafasi ya kuandikia taarifa moja ndani ya jedwali hilo, ambayo wanakompyuta wetu huiita "uga", nimeiona ikiitwa "shamba". Katika daftari la ardhi ya kijiji tutakuwa basi na shamba la jina, shamba la ukubwa, na shamba la shamba!

Huko Kwihara uga wa jina wenyewe una mashaka ya kutosha. Burton na Speke, waliofika mwaka 1857, waliiandika Tabora "Kazeh". Wengine wakaliita eneo zima kwa jina la utemi, Unyanyembe. Uga mmoja hautoshi. Panahitajiwa uga wa jina la sasa, uga wa jina la kale, na uga wa mwaka na mwandishi aliyelitumia. Kisha aina ya jengo iandikwe "tembe", neno ambalo Wagogo na Wanyamwezi wanalijua na kamusi zetu zinalo, wala si "kibanda".