Mgeni Aliyepita Pwani Yetu

Ukisimama Kipini, msomaji, mahali maji ya mto Tana yanapoingia baharini, utakuwa umesimama katika pwani iliyoandikwa kitabuni zamani sana. Katika karne ya kwanza baada ya Kristo, Myunani mmoja aliyekaa Misri aliandika habari za pwani hii katika kitabu kidogo kiitwacho Periplus. Jina lake halijulikani. Hakuwa mjumbe wa mfalme kama Megasthenes, aliyetumwa India yapata mwaka 300 kabla ya Kristo. Alikuwa mtu wa biashara, na jicho lake ni la mtu wa biashara.

Asema kwamba baada ya Sarapion na Nikon kuna mito na bandari, moja baada ya nyingine, mpaka visiwa vya Pyralaoi, ambavyo wataalamu wengi hudhani ni visiwa vya Lamu. Kutoka hapo, kwa mwendo wa siku mbili mchana na usiku, aruka moja kwa moja hadi kisiwa cha Menouthias. Kipini haimo. Lakini tusimlaumu upesi, maana mto wenyewe umebadili njia: ni mfereji wa Belezoni, uliochimbwa katika karne ya 19, ulioyaleta maji ya Tana katika mto Ozi na kuyatoa Kipini.

Uzuri wake waonekana Menouthias. Aeleza mashua zilizoshonwa, mitumbwi ya mti mmoja, na vikapu ambavyo watu hutega kwavyo kasa katika mikondo ya maji. Mvuvi yeyote wa pwani atalitambua dema lake hapo. Mitepe nayo, iliyoshonwa kwa kamba pasipo msumari, iliundwa katika visiwa vya Lamu hata mwanzoni mwa karne ya 20. Vikapu vyenyewe havikuwa bidhaa, na kwa sababu hiyo namwamini: aliona, au alimwuliza aliyeona.

Afikapo Rhapta, soko la mwisho, ataja pembe za ndovu, pembe za kifaru na magamba ya kasa. Ataja mikuki, mashoka, visu na vioo vilivyoletwa. Wenyeji je? Ni warefu wa kimo, na kila mahali pana mkubwa wake. Basi. Hana zaidi.

Hapa ndipo ninapomshitaki. Yeye mwenyewe asema kwamba manahodha Waarabu walioa huko na kuijua lugha ya watu. Alijua, basi, wa kumwuliza. Wala hakutuandikia jina la mkubwa mmoja wa pwani. Kosa hili kwangu ni kubwa kuliko kukosea kipimo cha bahari.

Huenda mtu akamtetea, akisema kwamba mwongozo wa biashara hauhitaji majina ya watu. Mbona basi Cholaibos, mtawala wa Arabuni, atajwa kwa jina? Kwa kuwa mtawala huyo alipelekewa zawadi, na mfanyabiashara alipaswa kujua ampelekee nani. Lakini kitabu hichohicho chasema kwamba divai na ngano zililetwa Azania, si za kuuzwa, bali za kuwapendeza wenyeji. Divai ile ilipokewa na mtu, akainywa, akaruhusu biashara iendelee. Mwandishi alikijua kipimo cha zawadi, na jina la mpokeaji akaliacha.