Niliacha One Piece Kimyakimya

Jumapili moja ya Agosti 2023, kaka yangu alinitumia ujumbe wa WhatsApp kutoka Doha: "UMEONA?!" Nilijua anaongelea nini. Ilikuwa siku ya episodi ya 1071, ile ambayo Luffy anafika Gear 5, nywele zinageuka nyeupe, moyo unadunda kama ngoma, na anaanza kumpiga Kaido huku akicheka kama katuni za kitambo. Kila mtu anayependa anime alikuwa anaongea hiyo kitu. Nikamjibu na emoji tatu za moto na "manze bro, nimelia."

Sikuwa nimeona. Nilikuwa nimeacha One Piece zaidi ya mwaka mmoja, na kila wiki nilikuwa nasoma muhtasari ndio nikiulizwa nisikwame. Wasee wengine hudanganya ndugu zao kuhusu pesa. Mimi nilikuwa nadanganya kuhusu maharamia wa kuchorwa.

Ili uelewe, lazima nikurudishe Umoja, 2011. Mimi niko darasa la sita, yeye kidato cha tatu. Karibu na Mutindwa kulikuwa na jamaa wa muvi ambaye kwa shilingi hamsini alikuwa anakujazia flashi ya GB 4 na chochote unachotaka, na wakati mwingine na usichotaka. Tulianza na Naruto, tukaingia Bleach, tukafika One Piece. Sheria ilikuwa moja: hakuna kuangalia mbele ya mwenzako. Likizo zake za bodingi ndizo zilikuwa kalenda yetu. Siku ile Going Merry anachomwa baharini, mara tu baada ya Enies Lobby, tulilia mpaka mama akatoka jikoni na mwiko mkononi akiuliza nani amekufa. Kaka akamjibu, "Ni meli." Mama akatuangalia, akarudi kwa ugali wake.

Kwa hivyo, kuacha haikuwa kitu ndogo.

Watu wakiulizwa mbona waliacha One Piece husema ni ndefu. Hiyo sababu siikubali. Mama yangu amefuata soap za Kihindi na za Kifilipino miaka nenda miaka rudi na hajawahi kulalamika. Shida ya One Piece ya televisheni si urefu, ni maji. Ni chai ya watu wawili, halafu wakaja wageni saba, na badala ya kuongeza maziwa mtu akaongeza maji kwa sufuria na kutumaini hakuna atakayesema. Eiichiro Oda alianza manga yake 1997 na anime ikafuata 1999. Toei, wanaoitengeneza, walikuwa wanatoa episodi karibu kila wiki huku mwandishi mwenyewe akipumzika mara kwa mara. Miaka ya kwanza episodi moja ilibeba kama sura mbili za manga. Baadaye ikawa sura moja, na wakati mwingine haifiki. Dakika za kwanza ni kukumbushwa ya wiki iliyopita. Halafu mtu anasema jambo zito, na kamera inazunguka nyuso za watu kumi na wawili, mmoja mmoja, wote midomo wazi. Dressrosa ilipita episodi mia moja hivyo. Wano ilianza 2019 na kumalizika 2023, karibu episodi mia mbili. Naruto walikuwa na dawa yao, fila, zile episodi za kujazia ambazo haziko kwenye manga, na ubaya wa fila ni wazi: unairuka. Maji ya One Piece yamechanganywa ndani ya chai. Huwezi kuyaruka.

Hata hivyo, ningevumilia maji. Nimevumilia mabaya zaidi kwa sababu ya mapenzi. Kilichonitoa kwa meli ni kitu kingine, na kilianza zamani, na Rock Lee.

Kama uliona Naruto ukiwa na miaka kumi na miwili, unajua Lee ni nani. Hawezi ninjutsu, hawezi genjutsu, ana ngumi na bidii tu. Kwa mtihani wa chunin anapanda juu ya sanamu, anafungua vyuma vya miguuni, anaviachilia, na vinapotua ukumbi unatikisika. Baada ya hapo Gaara, aliyezaliwa na jini tumboni, anamwona akija na kwa mara ya kwanza anashtuka. Lee anapoteza hiyo vita. Bado ndiyo vita niliyoipenda kuliko zote, kwa sababu nilisoma shule ambayo kila ukuta ulikuwa umeandikwa kitu kuhusu bidii. Kisha Naruto akakutana na Neji, ambaye alikuwa anahubiri kwamba mtu huzaliwa na fungu lake na hawezi kulibadilisha. Naruto, yatima aliyefeli, akachimba chini kwa chini na kumtandika ngumi ya kidevu. Niliamini. Nilikuwa nakaribia KCPE, ningeamini nini kingine?

Halafu hadithi ikaendelea miaka mingine kumi. Tukaambiwa Naruto si yatima tu, ni mtoto wa Hokage wa Nne. Baadaye tukaambiwa si mtoto wa Hokage tu, ana roho ya Asura, mwana wa yule mzee wa kale aliyeleta chakra duniani. Neji naye, aliyezaliwa katika tawi la watumishi la ukoo wake, na alama ya utumishi imechorwa kwenye paji la uso, anakufa vitani akiwakinga Naruto na binti wa tawi kuu. Wananiambia alichagua mwenyewe. Sawa. Lakini alikufa palepale alipozaliwa kufia, na aliyemhakikishia kwamba fungu halipo amesimama hapo, mtoto wa kiongozi, amebarikiwa na mababu. Ukihesabu vizuri, Neji ndiye alikuwa anasema ukweli.

One Piece nilidhani ni tofauti. Ndiyo, Garp ni babu yake Luffy na Dragon ni baba yake, hayo tulijua na tukasamehe, kwa sababu nguvu yenyewe ilikuwa ya kijinga. Mpira! Kijana amekula tunda la mpira na anataka kuwa mfalme wa maharamia. Kila mara alipovumbua njia mpya ya kutumia mpira ulijua ni akili yake na ukaidi wake. Machi 2022 manga ikafichua kwamba halikuwa tunda la mpira kamwe. Lilikuwa tunda la Nika, mungu wa jua, ambalo serikali ya dunia imekuwa ikilisaka karne nyingi, na ambalo lina utashi wake lenyewe. Na sisi hapa Kenya, mwaka huohuo, tulikuwa tunapigiwa kelele kila siku na lori za kampeni kuhusu mahasla na dynasty, nani ametoka chini na nani ni mtoto wa nani. Nilikuwa nimemaliza chuo. Nilikuwa nimetuma CV nyingi hadi nikaacha kuhesabu, na kila ofisi ilikuwa inauliza, kwa njia moja au nyingine, ninajulikana na nani. Nikasoma hiyo sura kwa simu nikiwa kwa foleni ya matatu na nikasema, hata wewe, Luffy?

Sikukasirika sana. Nilichoka tu, na uchovu ni mbaya kuliko hasira, kwa sababu shabiki aliyekasirika atarudi wiki ijayo kulalamika.

Nitakuwa mkweli, nikageuka kuwa yule mtu. Unamjua. Anaingia mahali watu wanafurahia Demon Slayer na kusema animesheni ni ya Ufotable, hadithi yenyewe ni maji ya moto. Binamu yangu anapenda Jujutsu Kaisen kwa sababu ya vita tu na haoni aibu kusema hivyo. Rafiki yangu wa chuo huangalia zile za mtu kugongwa na lori na kuzaliwa upya dunia nyingine, zote, hata zile mbaya, hasa zile mbaya, kwa sababu akitoka kazini hataki kufikiria. Wote niliwatolea lekcha moja: waangalie Vinland Saga, msimu wa pili.

Na bado nasema ni kazi nzuri. Msimu wa kwanza ni wa Waviking, damu na kisasi. Wa pili, uliotoka Januari hadi Juni 2023, unamchukua yuleyule Thorfinn, muuaji aliyepoteza hata mtu wa kumlipizia kisasi, na kumweka mtumwa kwa shamba la tajiri mmoja wa Denmark anayeitwa Ketil. Analima na mtumwa mwenzake, Einar. Wanakata miti, wanang'oa visiki, wanapanda ngano. Wakiuza mavuno ya kutosha watajinunua. Mashabiki wengi waliboeka na kuuita Farmland Saga. Mimi niliona huo ndio ushujaa ambao Naruto aliniahidi na hakunipa: mtu asiye na baraka ya babu yeyote anayejifunza kushika jembe. Shamba lao likivurugwa na wafanyakazi wenye wivu, nilihisi uchungu kuliko miji yote iliyolipuliwa kwa Shippuden.

Mwishowe nilimwambia kaka yangu. Ilikuwa mapema 2024, Egghead imeanza, na akaniuliza swali la Vegapunk ambalo muhtasari wangu haukuwa na jibu lake. Nikakohoa, nikatubu. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Tangu lini?" Nikamwambia tangu Wano. "Wano ipi, siz? Wano ilikuwa miaka minne." Halafu akacheka, lakini si kicheko chake cha kawaida. Nikaharakisha kujaza hicho kimya na Vinland Saga. Nikamsihi aangalie episodi mbili tu.

Aliangalia. Wiki iliyofuata alipiga simu.

"Siz, hiyo kitu uliiangalia ukiwa wapi?"

"Kwa kitanda."

"Sawa. Mimi nimesimama kwa mlango wa mall masaa kumi na mbili. Nimerudi rum, tuko watu sita. Halafu nifungue simu niangalie msee amenunuliwa, analima shamba la mwenye amemnunua, ndio alipe deni ya kununuliwa?"

Nilianza kumweleza kuhusu ukombozi wa ndani. Alinikatiza.

"Na yule bosi wao, Ketil. Mpole, si ndio? Anaongea nao vizuri. Hao mabosi wazuri nawajua mimi. Ngoja siku akipoteza pesa."

Aliyeuona msimu huo wote anajua Ketil anakuwa nani siku mali yake inapoguswa, na anachomfanyia Arnheid. Kaka yangu alikuwa ameona episodi mbili. Sijawahi kusikia sifa kubwa kuliko hiyo kwa Vinland Saga, na imetolewa na mtu aliyeizima na hajairudia.

Nikamuuliza, basi One Piece inampa nini, na yale maji yote. Akasema maji ndiyo anayapenda. Akilala katikati ya episodi, akiamka hajakosa kitu. Zile dakika za kukumbushwa zinamfaa, kwa sababu kuna wiki hakumbuki hata siku. Rum yao kuna Mnepali na Mganda ambao pia wanafuata, na Kiingereza cha Mnepali si kingi, lakini Zoro ni Zoro. Kuhusu Nika alinisikiliza mpaka mwisho, Rock Lee na Neji na kila kitu, kisha akasema, "Wewe ulitaka Luffy awe kama sisi. Mimi nilitaka tu afike."

Nimelifikiria hilo jibu sana na sijalimaliza. Bado naamini hadithi inayohubiri bidii kisha ikamzawadia mrithi imedanganya, na inamdanganya hasa yule mtoto aliyelipa shilingi hamsini pale Mutindwa. Nilienda nikaiona 1071 baadaye, peke yangu, usiku, kwa bando za bei rahisi. Ni nzuri kwa macho. Walioichora walifanya kazi, na kile kicheko cha Luffy kinaambukiza hata ukiwa umenuna. Nilicheka mara mbili. Kisha nikakumbuka ni utashi wa tunda, nikanuna tena. Sitairudia hiyo meli, na nimeacha kuwatolea watu lekcha, angalau wale wanaoangalia wakiwa wamesimama siku nzima.

Siku nilipotubu, kabla hatujakata simu, alinikumbusha Usopp. Seremala wa Water 7 walisema Merry amevunjika uti wa mgongo na hawezi kutengenezwa, Luffy akaamua kutafuta meli nyingine, na Usopp akakataa, akapigana naye, akaondoka. Nikamwambia kwa hii hesabu yake mimi ndiye Luffy, niliyeiacha meli iliyovunjika. "Wapi! Wewe ndiye ulitoka kwa kikosi," akasema. "Vaa mask basi, urudi kama yeye. Tutajifanya hatukujui."

Juzi akatuma tena: "UMEONA?!" Nikamwambia sijaona, nisimulie. Alirekodi ujumbe wa sauti wa dakika kumi na moja, na sauti ya Mnepali nyuma ikimrekebisha. Ulikuwa mfupi kuliko episodi, na hakunikumbusha ya wiki iliyopita.