Kilatini cha Mahakamani na Mkulima wa Buha

Sheria husemwa ili ieleweke na nani? Hilo ndilo swali letu katika uchambuzi huu.

Tumtazame mkulima wa Kasulu au Kibondo anayedai deni la magunia ya maharage. Katika Mahakama ya Mwanzo kesi yake husikilizwa kwa Kiswahili. Lakini kwa miaka mingi, rufaa ilipofika Mahakama Kuu, hukumu iliandikwa kwa Kiingereza, na ndani ya Kiingereza hicho kulikuwa na Kilatini. Akaambiwa dai lake ni *res judicata*. Maana yake ni nyepesi: jambo hili limekwisha kuamuliwa. Aliyeshindwa hakujua ameshindwa kwa neno gani.

Kilatini hiki tuliletewa na ukoloni. Mwingereza aliamuru kwamba sheria za kwao, kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, zitumike Tanganyika, na misamiati yake ikaja nazo.

Wako wasomi wanaodai kwamba Kilatini kina hekima isiyotafsirika. Dai hili ni kasumba. *Nemo judex in causa sua* maana yake ni kwamba mtu asiwe hakimu katika shauri lake mwenyewe. Wazee wetu walionya zamani juu ya kesi ya ngedere kupelekewa nyani. *Audi alteram partem* ni kusikiliza upande wa pili. Ni baraza gani la wazee wa Buha lisilolijua hilo? *Alibi* ni "mahali pengine", basi.

Hata hivyo tusikosee. Hatulikatai neno kwa sababu ya asili yake. Hakimu, shahidi na hukumu yametoka katika Kiarabu, na hakuna mkulima anayekwama kwayo, kwa kuwa yamekuwa mali ya umma. Kosa la Kilatini ni kubaki mali ya wachache, nao huitumia kama uzio.

Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na mahakama, ingawa Kiingereza kinaruhusiwa pale haki inapohitaji. Hiyo ni hatua kubwa. Lakini kubadili lugha ya hukumu huku tukibakiza *locus standi* katikati ya sentensi ni kubadili gunia bila kubadili kilichomo. Tuseme: hana haki ya kushtaki. Mkulima akielewa, ataweza kukubali hukumu au kuipinga. Asipoelewa, hana haki mkononi. Ana karatasi tu.