Wimbo wa Msafara Hupimwa kwa Mguu

Anayeandaa igizo la zamani hapa Kilangali, liwe la shule au la sherehe ya kijiji, hana haja ya kuazima kisa cha mbali. Misafara ya wapagazi kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilikatiza Usagara, ikifuata bonde la mto Mkondoa. Wasafiri wa Kizungu walipita, Burton na Speke mwaka 1857, Stanley mwaka 1871, na maelfu ambao hawakuandika kitabu walipita kabla yao na baada yao. Kisa tunacho. Kinachoharibu igizo ni nyimbo.

Wengi huchagua wimbo kwa kuwa unasikika wa kizee. Hicho si kipimo. Mtwishe mwimbaji wako mpunga wa kilo 30 hivi, uzito ambao mpagazi aliuona wa kawaida, kisha mtembeze njia ya mashambani huku akiimba. Wimbo wa njiani una mstari mfupi wa kiongozi na kiitikio kifupi zaidi, kinachotua pamoja na unyayo. Mwenye mzigo kichwani hana pumzi ya beti ndefu. Ukiona kundi linasimama ili limalizie ubeti, wimbo huo ni wa jukwaani. Uache, hata kama babu yako aliupenda.

Sikiliza pia maneno. Kirangozi, yule aliyetangulia na bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar, hakukariri. Aliokota jambo la siku hiyo, njaa, kilima, ubahili wa mwenye msafara, akalitia kwenye wimbo na wenzake wakaitikia. Burton mwenyewe aliandika jinsi wapagazi walivyomkejeli kwa nyimbo. Basi wimbo unaomsifu mzungu wa msafara mwanzo hadi mwisho nautilia shaka. Kiongozi hodari namjua anapomtania mgeni rasmi bila kupoteza mdundo, na mgeni rasmi mwenyewe akacheka.

Sauti nne za kwaya ndizo zinazoponza shule nyingi. Ni tamu, lakini mpangilio ule umetoka kanisani, na wapagazi wa 1857 hawakuufundishwa na mtu. Ngoma ya beni nayo ilianza pwani miaka ya 1890, ikasambaa zaidi na Vita vya Kwanza vya Dunia. Itunze kwa igizo la mji wa reli na mashamba ya mkonge. Gitaa likae nyumbani. Njiani panatosha ngoma ndogo mbele, njuga, na baragumu la pembe. (Na mavazi, kwa kuwa mtauliza: merikani na kaniki. Kanga zenye methali ni za baadaye.)

Jioni kambini mambo hubadilika. Mizigo imetuliwa, pumzi imerudi, sasa wimbo unaweza kurefuka na ngoma kubwa zikaingia. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, kwa hiyo wimbo wa Kinyamwezi kambini ni halali kabisa katika nchi ya Wasagara. Hapa kwetu wafugaji wa Kisukuma ni majirani, nao mara nyingi hutoa bugobogobo. Ni ngoma nzuri mno, ila ni ya jembe. Ikipigwa huku watu wakijifanya wamebeba pembe za ndovu, mikono inakosa kazi na mtazamaji makini anaona. Iwekeni kwenye onyesho la kilimo, mtaipata kwa ukamilifu wake.

Nyimbo za jando na unyago hazichaguliwi hata zikilingana na mwendo. Zina wenyewe na zina mahali pake. Bibi akikuimbia moja ukiwa umekaa naye uani, amekuamini wewe. Hakulipa jukwaa ruhusa.

Kama igizo lina mateka pia, msiwaimbishe wimbo wa wapagazi. Mpagazi alikuwa mtu wa ujira, aliyekubaliana malipo na aliyeweza kutoroka akipunjwa. Mateka alivutwa kwa mnyororo. Kundi linalowachanganya wawili hawa kwenye kiitikio kimoja halijaelewa igizo lake, na hapo simlaumu mwimbaji, namlaumu mwalimu.

Nyimbo tatu za njiani na moja ya kambini zinatosha nusu saa. Zikizidi, watu wataanza kuulizana pilau imeiva au bado.